Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Makao ya Wanyama Kuhusu Mbwa Anayeitwa Bobi

Kwa Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi ya Makao ya Wanyama,

Ndugu Mkurugenzi, ndugu Wajumbe,

YAH: BOBI APIMWE UPYA, APEWE MPANGO WA TABIA NA NYUMBA YA MUDA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakufunzi wa mbwa na watu tunaojitolea kwenye makao yenu. Tunaandika hadharani baada ya barua tulizoleta ofisini kukaa bila majibu, na maombi yetu ya kikao kuahirishwa mpaka yakasahaulika. Hatuandiki kuwavunjia heshima. Kazi yenu ni ngumu, na wahudumu ni wachache kuliko mabanda wanayoyasafisha. Ila Bobi hana muda. Kila wiki anayoikaa ndani ya banda lile inamrudisha nyuma, na suala la kumdunga sindano ya mwisho limeshatajwa vikaoni kabla mtu yeyote hajaandika mbwa huyu anafanya nini hasa, wapi, na kwa nini.

Kwa wasiomjua: Bobi ni dume aliyehasiwa, amekomaa, ana kilo 26. Mgeni akipita mbele ya banda lake hujirusha kwenye nondo. Hulinda bakuli la chakula. Akiwa kwenye kamba huwabwekea mbwa wenzake. Ana tukio moja la kuuma kwenye kumbukumbu zenu: mhudumu alinyoosha mkono kuchukua bakuli kabla Bobi hajamaliza kula, akaumwa mara moja mkononi, matundu mawili yasiyo na kina. Mbwa huyohuyo, akiwa uwanjani na mtu anayemfahamu, hupokea nyama kwa midomo na si kwa meno, kisha hulala ubavu kwenye nyasi na kusinzia.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Karatasi ya mlangoni haimsaidii mtu yeyote.

Imeandikwa "MKALI, USIKARIBIE". Mhudumu mpya akiisoma hajui Bobi anaogopa nini, kwa umbali gani, wala dalili ipi inatangulia. Taarifa ya tabia inayofaa hujibu maswali manne: nini kilikuwa mbele yake, kilikuwa umbali gani, mwili wake ulifanya nini kwanza, na alichukua muda gani kutulia.

Mtazameni kwa makini mgeni anapoingia kwenye korido. Kwanza mdomo uliokuwa wazi unafungwa. Masikio yanalala nyuma, weupe wa macho unaonekana pembeni, na uzito wa mwili unahamia miguu ya nyuma. Hapo ndipo anapojirusha mbele na kubweka. Mgeni akiendelea kutembea, Bobi anajifunza kwamba kelele zimemwondoa, na kesho atazianza mapema zaidi. Huyu ni mbwa mwoga aliyegundua kitu kinachofanya kazi. Mtu huyohuyo akipita mita 4 kutoka kwenye nondo, kwa ubavu, bila kumkazia macho, na kumrushia kipande cha nyama, Bobi huacha kubweka na kula. Mbwa anayeweza kula kwa umbali fulani anaweza kufundishwa kwa umbali huo. Jambo hilo halimo kwenye faili lake.

2. Kipimo kilichomhukumu hakiaminiki.

Bobi alipimwa siku chache tu baada ya kuingia, kwa mkono wa plastiki uliosukumwa kwenye bakuli akiwa anakula. Siku za kwanza ndizo kotisoli, homoni ya msongo, huwa juu zaidi kwa mbwa wa makao. Ni vigumu kupata siku mbaya zaidi ya kumpima. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walieleza kwa hesabu kwa nini vipimo vya kumchokoza mbwa makaoni huwapa alama mbaya wengi wasiostahili: tabia inayopimwa ni ya nadra, kipimo chenyewe kina makosa, na mazingira yanaongeza makosa hayo. Watafiti wengine waliofuatilia mbwa walioonekana kulinda chakula makaoni walikuta wengi wao hawaendelei hivyo wakifika majumbani. Hatusemi kulinda chakula ni jambo dogo. Tunasema mkono wa plastiki hautoshi kuamua nani aishi.

Kuhusu lile tukio la kuuma, kuna ngazi sita za ukubwa wa mng'ato zilizopangwa na Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mkufunzi wa mbwa, ambazo wakufunzi na madaktari wengi wanazitumia. Ya 1 ni kutisha bila kugusa ngozi. Ya 2, meno yanagusa bila kutoboa. Ya 3 ni tundu moja hadi manne kwa mng'ato mmoja, kina kisichozidi nusu ya jino la chonge. Ya 4 ni kina kinachozidi hapo, mara nyingi na michubuko ya kushikilia au kutikisa. Ya 5 ni kuuma mara nyingi kwa kina, na ya 6 ni kifo. Tukio la Bobi ni la ngazi ya 3. Ni kubwa, linahitaji tahadhari ya kweli, na mbwa wengi wa ngazi hiyo husaidika. Faili lenu linasema "aliuma" tu.

3. Banda lenyewe linazalisha tabia mnayoilalamikia.

Kelele kwenye mabanda ya mbwa mara nyingi huvuka desibeli 100, kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani angepewa vizuia sauti. Mbwa anahitaji kulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Bobi amewekwa karibu na mlango wa kusafishia, anatazamana na mbwa watatu, na kila anayevuta mpira wa maji anapita kwake. Kila kishindo kinaangukia juu ya kile kilichotangulia, na mwili uliojaa msongo hautulii kwa dakika tano. Mbwa aliyepata misukosuko minne asubuhi huweza kulipuka jioni kwa jambo ambalo siku nyingine angelivumilia, kisha tukio la jioni linaandikwa kana kwamba limetoka hewani.

Marekebisho hayahitaji ujenzi. Hamisheni Bobi kwenye banda lenye wapita njia wachache. Fungeni ubao nusu ya chini ya mlango, ili asiwaone mbwa wa mbele anapokuwa amelala. Mwekeeni sanduku au kreti yenye uwazi upande mmoja, apate pa kujificha. Mbwa mwenye pa kwenda hana haja ya kupigana. Sehemu ya chakula chake cha siku itawanywe sakafuni au ifichwe ndani ya maboksi na matambara aitafute kwa pua. Hilo humchosha vizuri kuliko kukimbia.

Kisha tundikeni ndoo ya vitafunwa nje ya banda. Kila anayepita arushe vipande viwili vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, aendelee na safari yake, Bobi awe anabweka au amenyamaza. Tumeulizwa kama huko si kumlipa abweke. Hapana. Woga hautokani na hesabu ya malipo. Tunachobadilisha ni maana ya mtu anayekuja: kutoka tishio kuwa dalili ya nyama. Maana ikibadilika, kubweka hupungua kwenyewe, na hapo ndipo tunaweza kuanza kulipa ukimya.

4. Anaadhibiwa kwa kuonya.

Amekuwa akivutwa kwa mnyororo wa kukaba na kumwagiwa maji anaponguruma. Tunaomba hili likome leo. Kunguruma ni onyo la mwisho kabla ya meno. Mbwa akiadhibiwa kwa kunguruma huacha kunguruma, lakini kilichomfanya angurume kinabaki palepale, na safari nyingine anauma "bila onyo". Kuzuia moshi si kuzima moto. Chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba mafunzo ya kuzawadia ndiyo yatumike kwa mbwa wote, wakiwemo wenye ukali, kwa sababu mbinu za maumivu na vitisho huongeza woga na ukali wenyewe. Na mnyororo unapomkaba kila anapomwona mbwa mwenzake, anachojifunza ni kwamba mbwa wengine huleta maumivu shingoni.

5. Hajachunguzwa maumivu.

Bobi huketi na mguu wa nyuma wa kushoto ukiwa umetupwa pembeni, husita kupanda ngazi, na hugeuka haraka akiguswa kiunoni. Mwaka 2020 Daniel Mills na wenzake waliandika kwamba kwa makadirio ya chini, karibu theluthi ya mbwa na paka wanaoletwa kwa wataalamu wa tabia wana ugonjwa wenye maumivu, na katika baadhi ya makundi idadi inakaribia asilimia 80. Bado mbwa huyu hajapigwa hata picha ya nyonga. Tunaomba apimwe nyonga, magoti, mgongo, meno na masikio, akiwa amepewa dawa ya usingizi ili asiguswe kwa nguvu. Picha isipoonyesha kitu, daktari anaweza kumjaribu kwa dawa ya maumivu ya mbwa kwa wiki chache huku tabia ikiandikwa kila siku. Asipewe kabisa dawa za binadamu. Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Na daktari akiona woga wake umezidi mafunzo, kuna fluoxetini, dawa ya kupunguza woga, ambayo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha matokeo. Ikisitishwa baada ya siku kumi haijajaribiwa.

Tunajua majibu yatakayotolewa, na tungependa kuyajibu mapema.

Mtasema hakuna watu. Mpango tunaouomba unachukua takriban dakika 15 kwa siku, na tuko tayari kuubeba sisi, mradi tupewe ratiba ya maandishi na ufunguo wa uwanja. Mtakachotakiwa kuhakikisha ni kwamba kila anayemshughulikia Bobi anafuata utaratibu uleule. Mtu mmoja akitawanya nyama na mwingine akimwaga maji, kazi ya wiki nzima inapotea asubuhi moja.

Mtasema ni hatari, na mko sahihi kuuliza. Hatari hupunguzwa kwa hatua, na hatua zenyewe tunazitaja.

Kwenye chakula, hakuna mtu anayeondoa bakuli mbele yake tena. Anakula mlango ukiwa umefungwa, bakuli linachukuliwa akiwa nje. Mafunzo huanza kwa umbali ambao anaendelea kula mwili ukiwa umelegea. Kwa Bobi ni kama mita 3. Mtu anapita kwa umbali huo, anarusha kitu bora kuliko kilichomo bakulini, mfano kuku wa kuchemsha bila mifupa wala chumvi, anaondoka. Mara tano au sita kwa mlo, basi. Akianza kuinua kichwa kwa uso laini, akimtafuta mtu kabla nyama haijarushwa, sogeeni nusu hatua. Dalili ya kwanza kwamba mmekaribia mno ni kula haraka ghafla, na inakuja kabla ya kunguruma. Wengi huikosa, wakadhani ana njaa. Ya pili ni kuganda, kichwa kikiwa kimefunika bakuli. Mkiona moja kati ya hizo, rudini mita nzima nyuma. Na kila mtu mpya aanzie mita 3, kwa sababu mbwa hahamishi imani yake kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika: mkufunzi amefika bakulini, mhudumu anadhani naye anaweza.

Kwa mbwa wengine, Bobi atembezwe mahali ambapo mbwa anaonekana kwa mbali, mita 30 au zaidi. Mbwa akitokea, nyama inaanza. Mbwa akitoweka, nyama inakwisha. Mpangilio ni muhimu: amwone mbwa kwanza, ndipo mkono uingie mfukoni. Mkono ukitangulia, nyama yenyewe inageuka kuwa ishara ya hatari, na mtashangaa kumwona akikataa chakula. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, kisha siku inayofuata apumzike. Avae mkanda wa kifuani wenye pete mbele na nyuma, na kamba ya kawaida ya mita 2. Kamba za kujikunja zisitumike kwake. Mtu hawezi kumrudisha mbwa wa kilo 26 aliye mita 5 mbele akishika kitufe cha plastiki.

Kifunga mdomo kiwe cha kikapu, chenye nafasi ya kutosha afungue mdomo na kuhema, anywe maji na apokee chakula. Vile vya kitambaa vinavyobana mdomo si vya matembezi, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Afundishwe kukipenda kabla hakijahitajika: anakula ndani yake kikiwa mkononi, anaingiza pua mwenyewe kwa sekunde moja, kisha tano, kisha kumi, mkanda unapitishwa nyuma ya masikio bila kufungwa, unafungwa na kufunguliwa papo hapo, halafu muda unaongezwa. Hesabuni wiki moja hadi tatu. Kikivalishwa kwa nguvu siku ya kwenda kwa daktari, mtakuwa mmepoteza kifaa chenu muhimu kuliko vyote.

Mtasema anaziba nafasi ya mbwa wenye matumaini zaidi. Basi nyumba ya muda ndiyo jibu, kwa sababu inaliacha banda wazi. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walichapisha utafiti wa mbwa wa makao waliolala nje kwa usiku mmoja au miwili. Kotisoli ilishuka wakiwa nje, na waliporudi ilirejea ilipokuwa awali, haikupanda zaidi. Kwa hiyo hofu kwamba tutamvuruga tukimtoa na kumrudisha haina mashiko. Nyumba hiyo iwe ya watu wazima wasio na watoto wala mbwa mwingine kwa kuanzia, yenye uzio asioweza kuuruka na milango miwili kati yake na barabara. Siku tatu za kwanza asitembelewe na wageni, asiogeshwe, asiinamiwe wala kukumbatiwa. Kamba mbili, moja kwenye mkanda wa kifuani na moja kwenye kola, kwa sababu mbwa wengi hupotea wiki hiyo ya kwanza. Kisha aangaliwe wiki tatu, na tena baada ya miezi mitatu, ndipo tumjue Bobi halisi ni yupi.

Mtasema hakuna atakayemtaka. Mpaka leo tangazo lake ni picha ya mbwa nyuma ya nondo, meno nje. Tunapendekeza apigwe picha uwanjani, na maneno yawe haya: "Bobi, dume aliyehasiwa, kilo 26. Anapenda kunusa, kutafuta chakula kilichofichwa, na kulala karibu na mtu mtulivu. Anaogopa wageni na anahitaji wiki kadhaa kumzoea mtu. Analinda chakula, amewahi kumuuma mtu mkononi mara moja, ngazi ya 3. Anafaa nyumba ya watu wazima pekee, bila mbwa mwingine. Anazoezwa kifunga mdomo. Mkufunzi atafuatana na mlezi kwa miezi mitatu bila malipo." Ukweli huu utawafukuza wengi, na hao ndio wasiofaa. Anayebaki baada ya kuusoma hatamrudisha siku ya nne.

Hatuombi kwamba kila mbwa aokolewe kwa gharama yoyote. Wapo mbwa wanaouma kwa kina, tena na tena, ambao hakuna nyumba inayoweza kuwapokea kwa usalama, na uamuzi wa kuwapumzisha huwa wa huruma. Bobi akipimwa vizuri, akatibiwa, akapewa mpango, na bado akafika huko, tutakaa nanyi na kuukubali. Lakini hajapimwa.

Tunaomba kwa hiyo, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii: uamuzi wowote wa kumdunga sindano usitishwe kwa maandishi, Bobi ahamishwe banda na karatasi ya mlangoni ibadilishwe, mnyororo wa kukaba na maji viondolewe, daktari amchunguze maumivu na matokeo yawekwe kwenye faili, mpango wa tabia uandikwe na usainiwe na kila anayemhudumia, na tuitwe kwenye kikao kimoja cha kupanga nyumba ya muda. Baada ya wiki 8 apimwe upya na mtu asiye mhudumu wenu wala mmoja wetu, na matokeo hayo ndiyo yaamue.

Jibu tunaliomba kwa maandishi. Ratiba ya zamu zetu kwa wiki zote 8 tumeiambatisha kwenye nakala tuliyoiacha mapokezi.

Wenu katika kuwahudumia wanyama,

Wakufunzi wa mbwa na wanaojitolea wa makao